Unapima Ili Ushone Nini?

Mjini Kigali kuna jambo moja la mwili wako ambalo mtu mwenye adabu hatakuuliza hata mkifanya kazi ofisi moja miaka kumi, na kuna jingine atakalokuambia kabla hujaketi. La kwanza ni pua yako, kimo chako, na yale ambayo zamani watu walidai kuyasoma humo. La pili ni kilo zako. "Wabyibushye!" anakupokea mtu mliyeonana mara ya mwisho kabla ya mvua, yaani umenenepa, na sauti yake inafika ng'ambo ya barabara. Ukiwa umepungua, mambo huwa mazito zaidi: "Warananutse, urwaye iki?" Umekonda, unaumwa nini?

Mji huohuo, watu haohao, midomo hiyohiyo. Kwa jambo la kwanza wamejifunza kunyamaza, kwa la pili hawajaona sababu. Mimi nadhani ukimya ule wa kwanza una kitu cha kuufundisha mdomo huu wa pili, ila safari ya kufika hapo inapitia sokoni.

Ukiingia soko la Kimironko, ukaacha nyuma viazi na ndizi ukafika kwenye safu za vitenge, utawakuta mafundi cherehani wamejitundika futi kamba shingoni. Fundi akikupima, hakuna mgeni anayekaribia mwili wako kuliko yeye. Anazungusha futi kifuani, kiunoni, nyongani, anaita namba kwa sauti, na kijana wake anaziandika kwenye daftari lililochakaa huku wateja wengine wakisikia. Namba hizo zikitamkwa na wifi yako mezani, hutakula. Zikitamkwa na fundi, unauliza tu nguo itakuwa tayari lini. Wala si kwamba mafundi ni watu wapole. Wapo wakorofi, na wote bila ubaguzi huchelewesha nguo za sikukuu. Tofauti ni kwamba namba ya fundi ina kazi. Nyonga za sentimita 120 si hukumu juu ya mwenye nyonga, ni agizo kwa mkasi. Mwili ukizidi, kinachoongezwa ni kitambaa. Tena fundi anayeijua kazi yake huacha akiba ndani ya mshono, kwa kuwa anajua mwili aliopima leo si ule utakaovaa gauni hilo mwakani, na haoni aibu yoyote katika hilo.

Kila kipimo, basi, kina maswali nyuma yake: nani anapima, kwa idhini ya nani, na kwa kazi gani. Maneno ya watu kuhusu unene yanachoma hata yanapokuwa ya kweli, na mara nyingi ni ya kweli. Hivyo dawa yake haiwezi kuwa kubishana kuhusu ukweli. Linalochoma ni kupimwa na mtu asiye na kitu cha kukushonea.

Ukanda wetu una historia ndefu ya futi za namna hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akitafuta chanzo cha Nile, alifika Karagwe, ng'ambo ya mto Kagera ukitokea Rwanda, kwa mfalme Rumanyika. Huko alikuta wake wa ikulu wamenoneshwa kwa maziwa hadi kusimama kukawa kazi. Unene ulikuwa fahari ya nyumba, dalili kwamba mifugo ipo na mke hatumwi kuni. Speke akamwomba shemeji mmoja wa mfalme amruhusu ampime, na malipo yake yakawa kumwonyesha mama huyo mikono na miguu yake mitupu ya Kizungu. Akaandika yote kitabuni: kifua sentimita 132 kwa vipimo vyetu vya leo, paja 79, na kimo takriban 173, ingawa kimo hicho alikitilia shaka kwa kuwa mama hakuweza kusimama sawasawa. Kitabu kilitoka mwaka 1863, na wasomaji wa Uingereza wakamjua mama wa Karagwe kwa mzingo wa paja lake.

Ni rahisi kumchukia Speke tukaishia hapo. Lakini katika ukurasa uleule yupo binti wa mama huyo, wa miaka kumi na sita, ameketi akinywa maziwa kwenye kibuyu, na baba yake amesimama karibu na fimbo ili asiache kunywa. Kwa hiyo anayetuambia kwamba zamani Waafrika waliipenda miili minene na mambo yakawa shwari, anasahau fimbo. Binti mwembamba wa Karagwe alikuwa na shida ileile ya binti mnene wa Kigali leo: mwili wake ulikuwa mali ya macho ya wengine, na wengine walikuwa na haraka ya kuurekebisha. Kilichogeuka ni upande ambao fimbo inasukumia.

Halafu wakaja Wabelgiji. Waliingia Rwanda mwaka 1916, na katika miaka ya 1930 wataalamu wao walizunguka na vyombo vya kupimia pua, mafuvu na vimo, wakitafuta ushahidi wa mgawanyo ambao tayari walikuwa wameuamini. Katika miaka hiyohiyo kikaja kitambulisho chenye kuandikwa kabila la mtu. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, vizuizi viliwekwa barabarani, na asiye na kitambulisho alisomwa kwa macho: kimo chake, pua yake, vidole vyake. Watu waliuawa kwa jinsi walivyoonekana.

Sitaki kueleweka vibaya. Dhihaka kuhusu tumbo la mtu haiwekwi mizani moja na kizuizi cha barabarani, na anayeviweka pamoja anawadhulumu wafu. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Mji huu unajua, kuliko miji mingi duniani, kwamba mwili wa mtu si maandishi ya kusomwa hadharani, na umejizoeza kutousoma. Leo kumuuliza mtu asili yake kwa kutazama uso wake ni utovu wa adabu mkubwa, na sheria inasimama nyuma ya adabu hiyo. Watu milioni nzima na zaidi wanaishi pamoja Kigali, wanaona wanachoona, na wanauzuia ulimi. Akiniambia mtu kwamba "sisi Waafrika ndivyo tulivyo, tunasema tu tunachokiona", namjibu kwamba si kweli. Tunachagua cha kusema. Tumeshachagua.

Hapa yupo mtu wa kutusaidia kufikiri, naye ni padri Alexis Kagame, mwanafalsafa wa Rwanda aliyefariki mwaka 1981 (wasomaji wa nje wasimchanganye na Rais). Katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu falsafa ya Kibantu ya Rwanda, aligawa vyote vilivyopo katika mafungu manne: mtu, kitu, mahali pamoja na wakati, na namna. Wingi na sifa, yaani ukubwa, udogo, weupe, uchovu, vyote aliviweka katika fungu la nne, la namna. Wapo waliombishia, wakisema ameijenga falsafa juu ya sarufi, na ubishi huo una uzito. Lakini mgawanyo wake unanipa jina la jeraha hili. Unene ni namna mwili ulivyo kwa sasa. Anayekuambia "umenenepa" amesema neno juu ya namna, na pengine hajakosea. Anayekuita bonge, au tipwatipwa, au kwa upande wa pili kimbaumbau, amechukua namna akaipa kiti cha mtu. Mara nyingi anayeumia anashindwa kueleza kwa nini neno la kwanza alilipuuza na la pili amelala nalo wiki nzima, na watu humwambia ni lilelile.

Hata hivyo salamu ile ya "umenenepa" haikuzaliwa na ubaya. Ukitaka kuielewa, sikiliza umri wa anayeitoa. Mtu mzima wa ukanda huu aliona miaka ya 1980 na 1990, ugonjwa mpya ulipoingia na kuwamaliza watu kwa kuwakausha. Uganda waliuita Slim kwa sababu hiyohiyo ya kukonda, na mkoani Kagera uliitwa Juliana kabla haujajulikana kwa jina la ukimwi. Kwa miaka mingi, mtu aliyepungua kilo tano alizikwa midomoni mwa jirani kabla hajaugua. Ongeza njaa, ongeza ukimbizi, ongeza kambi. Shangazi aliyepita humo akikuona umejaa mashavu na kusema "wabyibushye", anamshukuru Mungu kwa sauti. Amekupima, ndiyo, lakini amekupima ili ajihakikishie kwamba hatakuzika. Huyo ana kitu cha kukushonea.

Shida ni kwamba neno lake limebaki mdomoni, na dunia chini ya neno imehama. Rwanda ya leo ni nchi ambayo katika utafiti wa taifa wa afya wa 2019 na 2020 theluthi moja ya watoto chini ya miaka mitano walikutwa wamedumaa, na papo hapo karibu mwanamke mmoja katika kila wanne alikuwa na uzito uliozidi. Njaa na shibe zinapanda basi moja pale Nyabugogo. Kwa hiyo "umenenepa" ya bibi ni dua, na "umenenepa" ya mfanyakazi mwenzako aliyekutazama kuanzia viatuni hadi kichwani akaachia tabasamu la upande ni kitu kingine kabisa, ingawa herufi ni zilezile. Anayesalimiwa ndiye anayebaki na kazi ya kupambanua.

Kisha kuna vipimo vipya. Kwa miaka kadhaa mashindano ya Miss Rwanda, yaliyosimamishwa na serikali mwaka 2022 kwa mambo mengine kabisa, yaliwataka washiriki wawe na kimo kisichopungua sentimita 170 na uwiano wa uzito na urefu (BMI) kati ya 18.5 na 24.9. Piga hesabu: kwa msichana wa kimo hicho ni kuanzia kilo 53 na nusu hadi 72. Uwiano huo wenyewe umetokana na Adolphe Quetelet, mwanaastronomia na mtakwimu wa karne ya 19 aliyekuwa akimtafuta "mtu wa wastani", Mbelgiji pia, ingawa hana hatia ya yale ya 1930 kwa sababu alikufa mwaka 1874. Alikuwa akichunguza umma wa watu, wala hakuwa daktari wa kumwambia mgonjwa mmoja hali yake. Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys aliufufua na kuupa jina unalojulikana nalo leo, naye pia akiutafutia matumizi ya kuchunguza makundi. Mwaka 1998 taasisi za afya za Marekani zilishusha mpaka wa uzito uliozidi hadi 25, na mamilioni ya Wamarekani waliolala wakiwa wa kawaida wakaamka wamezidi bila kula hata tonge. Mwaka 2023 chama cha madaktari cha nchi hiyohiyo kikakiri kwamba kipimo hiki peke yake hakitoshi. Namba hii ina faida zake hospitalini. Lakini hukumu juu ya mtu haimo ndani yake, na waliotunga hawakuiweka.

Kwa wanaume mambo ni mengine, na sioni haja ya kuyatafuna sana kwa kuwa kila mtu anayaona. Jioni kwenye burusheti za mbuzi na chupa ya Primus, kitambi cha mwanaume kinaitwa cheo. Wanakigonga kwa mkono, mwenyewe wanamwita bosi. Mke wake, aliyezaa watoto watatu, akiongezeka nusu ya kile kitambi anaambiwa amejiachia.

Na sifa nazo? Mwaka 2019 waziri mmoja wa utalii nchini Uganda alizindua shindano la warembo wenye miili mikubwa, akasema maumbile yao yawe kivutio cha watalii. Wanawake wengi walikasirika, na baadhi ya watu walishangaa hasira hiyo: si mmesifiwa? Mimi niliwaelewa. Kuwekwa kwenye orodha moja na sokwe na maporomoko ya maji si kuheshimiwa, hata kama unawekwa juu kabisa ya orodha. Ndiyo maana sina imani sana na dawa inayouzwa siku hizi, ya kuujibu ubaya wa maneno kwa wingi wa sifa, kila mwili ukiambiwa ni mzuri asubuhi na jioni. Mwili unaosifiwa bado uko juu ya mizani. Mshale tu ndio umegeuka.

Najua daktari aliyepo miongoni mwa wasomaji ameshaanza kukunja uso. Shinikizo la damu lipo, kisukari kipo, na Kigali haijifichi. Tangu 2016 jiji hufunga barabara baadhi ya Jumapili, magari yakaondoka, watu wakakimbia, wakatembea, wakaendesha baiskeli, na kwenye viwanja vya mazoezi wahudumu wa afya hupima shinikizo, sukari na uzito. Mimi naupenda utaratibu huo, na angalia jinsi ulivyo karibu na fundi wa Kimironko: umekwenda kwa miguu yako, umenyoosha mkono mwenyewe, na namba inayotoka ina kazi ya kufanya. Kinachodai kuwa afya lakini kinasemwa mbele ya wageni harusini, na mtu asiyejua hata kundi la damu yako, hakina kazi hiyo. Wala hakiponyi. Mwaka 2014 watafiti wa University College London walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 2,944 wa Uingereza kwa miaka minne. Waliosema kwamba hudharauliwa kwa sababu ya uzito waliongezeka karibu kilo moja, na ambao hawakudharauliwa walipungua. Anayesema "namchoma ili ajirekebishe" ajue kwamba moto wake unanonesha.

Tujibu nini, basi? Mithali yetu inasema maneno hayavunji mfupa, na ni kweli kwa mifupa. Aliyechomwa hana wajibu wa kucheka ili mwenye mzaha asifedheheke. Lakini pia sipendi mafunzo ya kumjibu kila mtu kwa kombora moja, maana shangazi na mdhihaki hawastahili jibu moja. Shangazi mjibu kwa kile alichokiuliza hasa: "Niko salama, shangazi, na nyumbani hatujambo." Atatulia. Rafiki wa kweli mwambie faraghani kwamba habari hiyo inakuumiza. Wanyarwanda husema kilicho moyoni humwagikia mdomoni, na cha rafiki mara nyingi ni mazoea tu, hakuna sumu ndani. Ila yule wa viatuni hadi kichwani, mwulize kwa upole, ukimtazama: "Unanipima ili unishonee nini?" Kisha nyamaza, mwachie yeye kazi ya kujaza ukimya. Na kuna siku utakosa nguvu za jibu lolote, ukaondoka. Hiyo nayo ni haki yako, hakuna sheria inayosema kila neno lazima lipokelewe.

Baada ya kuwajibu wengine anabaki mtu mmoja mgumu kuliko wote, ambaye ni wewe mbele ya kioo cha duka la kukodisha mavazi ya harusi. Wenye kukodisha mishanana wanajua kwamba vazi lile la kujifunga na kutupia begani halina saizi, linakwenda mwili unapokwenda, na mabibi wa vimo na viuno vyote wamelivaa wakapendeza. Lakini nguo haiwezi kukukubalia mwili wako. Kuukubali, kwa jinsi ninavyoelewa, hakudai uupende. Mapenzi ni ahadi kubwa, na kuna asubuhi mgongo unauma na hakuna cha kupenda. Kunadai tu uache kuishi kama mtu aliyepanga kwenye mwili huu kwa muda, akisubiri ule wa kweli utakapopatikana ndipo apige picha, aende kuogelea Kivu, aingie kanisani au msikitini bila kujificha kwa nyuma. Unaweza kuukubali mwili leo na bado ukatembea Jumapili ya barabara tupu ili shinikizo lishuke. Fundi anayeacha akiba kwenye mshono hajaacha kukata gauni la leo kwa kipimo cha leo.

Na wewe ambaye wiki hii unakwenda kumtembelea mzazi, rafiki au jirani aliyejifungua, huko ndiko maneno haya humwagwa kwa wingi kuliko mahali popote, mama akiwa bado na kidonda na maziwa yakiwa hayajatulia. Peleka uji, peleka maziwa, mpokee mtoto ili mama apate kulala kidogo. Habari za tumbo lake mwachie yeye na mkunga wake.